Majumba Tuliyoyakunja Mjimwema

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali kwa sababu mgongo umekataa, soma polepole, na ukichoka weka pembeni. Mimi nililala hivyo tangu baridi ya Njombe ilipoanza kulegea hadi mapichi yalipoiva. Sitakueleza ugonjwa wetu unavyoingia mfupani, hilo daktari wako analijua kuliko mimi. Nitakueleza nilivyoishi nao, na jinsi mama mkwe wangu, mkulima asiyewahi kuvuka Mbeya, alivyonionyesha majumba makubwa ya dunia pembeni ya kitanda changu.

Watu wananiita Baba Anita. Kwetu ni Mawengi, Ludewa, lakini maisha yangu yako Makambako, kwenye yadi ya mbao. Kazi yangu ilikuwa kupima. Ubao unashushwa, napima urefu, upana na unene, naita kwa sauti, mwenzangu anaandika. Wapakiaji wakipungua nilikuwa nabeba pia. Ndiyo maana mgongo ulipoanza kuuma, mwezi wa sita, hakuna aliyeshangaa. "Mbao hizo, kaka," wenzangu walisema. Nikachuliwa, nikameza dawa za maumivu, nikajifunga kanga ya mke wangu kiunoni ndani ya koti, nikaendelea na kazi. Mke wangu Stela alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu, halafu lingine. Tulicheka kwamba nimekuwa kijana tena. Hapo ndipo tulipopaswa kwenda hospitali, na hatukwenda.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, nilikuwa juu ya lori. Nikaiambia miguu ishuke, haikusikia. Nilishushwa kama ubao, mmoja akanishika kwapani, mwingine magotini.

Hospitalini Njombe wagonjwa walikaa kwenye benchi refu, wakisogea kidogo kidogo kila mlango wa daktari ulipofunguliwa. Mimi sikuweza kukaa. Nilitandikiwa godoro sakafuni, kando ya ukuta, na foleni yangu ikawa inashikwa na Stela. Ukilala sakafuni unaona viatu tu. Nilijua viatu vya manesi, viatu vya walioletwa haraka, viatu vilivyopigwa kiwi kwa ajili ya kumwona daktari. Mama mmoja nisiyemjua alivua kitenge chake, akanifunika miguu, akarudi kwenye benchi bila kusema neno. Alipoitwa aliingia bila kitenge, na alipotoka hakukidai. Sikupata kumshukuru.

Zikapita picha, damu, na safari ya Mbeya kwa kipimo kikubwa. Mwishowe daktari akavuta kiti karibu na godoro. "Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo," alisema. "Dawa ni mwaka mzima. Usiruke hata siku moja. Na ulale, usiulazimishe mgongo huu."

"Nitatembea?"

"Wengi hutembea."

Hakusema wote. Nililiona hilo, na Stela aliliona pia.

Makambako tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga, Anita yuko darasa la pili, na Stela alikuwa ameajiriwa kwenye duka la steshenari, akichapa na kutoa kopi kutwa nzima. Kibarua hicho kikikatika, sote tumekatika. Nyumba ya mama yake ilikuwa Mjimwema, hapo hapo Njombe mjini, karibu na kliniki. Ikaamuliwa nilazwe huko. Kaka yangu Yustin akatoka Mawengi kuja kuniogesha na kunigeuza, kwa sababu kazi hiyo haikuwa ya mama mkwe.

Ujue kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Miaka tisa ya ndoa, mimi na Mama Stela tulikuwa hatujawahi kukaa chumba kimoja tukiwa wawili. Hata nilipolala nyumbani kwake, asubuhi alisimama nje ya mlango na kunisalimu, "Kamwene, Baba Anita." Nami nikajibu, "Kamwene, mama," nikitazama dari. Chakula alikiweka kizingitini, Yustin akakichukua.

Baada ya wiki tatu mvua zikakaribia, na Yustin akalazimika kurudi kuandaa shamba. Siku alipoondoka niliacha kula. Sikumwambia mtu sababu. Nilihesabu tu kwamba nisipokula sitahitaji beseni, na nisipohitaji beseni, yule mama hatalazimika kuliondoa. Uji niliumwaga dirishani. Vidonge vinne vyekundu nikavimeza tumbo likiwa tupu, vikanichafua moyo, nikatapika.

Siku ya tatu mlango ulifunguka. Mama Stela aliingia, akaketi kwenye kigoda, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Miche yangu chini ya dirisha imejaa uji," alisema. "Kwa nini huli?"

Niligeuzia uso ukutani.

"Unaona aibu."

"Ndiyo, mama."

"Sikiliza, mwanangu. Nimezaa saba, nimezika watatu. Baba mkwe wako nilimwosha miezi minane mpaka Mungu alipomchukua. Unadhani una kitu kipya cha kunionyesha?"

Nililia, mtu mzima, mbele ya mkwe wangu. Akangoja nimalize, kisha akaleta ugali na njegere, akanilisha mwenyewe. Kuanzia siku hiyo alinigeuza kila baada ya saa mbili ili nisipate vidonda, na kidonda kimoja kilichowahi kutokea nyongani alikikausha kwa subira ya mwezi mzima. Mkojo wangu ulikuwa rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa. Aliutazama mara ya kwanza akasema, "Kumbe dawa imeingia kazini," akaenda kuumwaga. Kama wewe unaona aibu hii, nakusihi, iache mapema kuliko mimi.

Aibu ilipoondoka, mchana ulibaki mrefu. Mapaja yangu yalikuwa yamekwisha, Stela aliweza kulizingira paja moja kwa viganja vyake viwili. Kutoka kiunoni kushuka sikuhisi kitu. Nilikuwa nahesabu mbao za dari, urefu, upana, unene, nikifika mwisho naanza upya.

Jumamosi moja Stela alikuja na bahasha kubwa. Mteja mmoja alikuwa ameagiza michoro ya majengo maarufu kwa ajili ya darasa lake, ikachapwa kwenye karatasi ngumu za manila, halafu hakurudi. Kila ukurasa ulikuwa na vipande vyenye namba. Unakata, unakunja, unabandika ulimi wa kipande hiki nyuma ya kipande kile, na jengo linasimama.

"Mwenye duka kasema nichukue," Stela alisema. "Usilale bure."

Nilijaribu. Nilishika karatasi juu ya uso wangu, mkasi ukapita katikati ya ukuta. Nikaitupa. Jumatatu Mama Stela aliiokota sakafuni.

"Hiki ni nini?"

"Ni mnara, mama. Ukikatwa na kukunjwa unasimama."

"Karatasi isimame?"

Akatoka, akarudi na kisu chake cha kubebeshea. Yeye ana kitalu cha miche ya parachichi. Kubebesha ni kukata kikonyo cha parachichi la kisasa na kukipachika juu ya mche wa kienyeji, na ukikosea unene wa ukucha vyote viwili vinakufa. Ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na miche yake haifi. Aliweka karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, akavuta pumzi, akapitisha kisu mara moja. Ukuta ukatoka bila hata unywele wa kuchanika.

Nikawa nasoma namba, yeye anakata. "Ulimi wa saba unaingia kwenye mpasuo wa saba." Mkunjo aliutia kwa ukucha wa dole gumba. Gundi niliyoagiza kwenye maduka ya mtaa wa Ramadhani ilipokwisha, alikoroga uji mzito wa unga wa ngano jikoni, ukashika kuliko gundi. Siku ya nne mnara ulisimama kwenye meza, ghorofa nane za nguzo ndogo ndogo, na ulikuwa umeinama.

"Nimeuharibu," alisema, akiusukuma unyooke.

"Hapana, mama. Uko Italia, na wenyewe umeinama hivyo hivyo. Ardhi ilibonyea wakiwa bado wanaujenga."

"Na haujaanguka?"

"Una mamia ya miaka. Watu wanapanda mpaka juu."

Akakaa chini. Aliutazama mnara ule kwa muda mrefu sana, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari kubwa. "Wameinama nao," alisema mwishowe, "hawakuubomoa." Mimi nilikuwa naujua kutoka kwenye picha tangu shule ya msingi, lakini nafikiri siku ile ndiyo niliyouona.

Jengo la pili lilikuwa kaburi la India, lile lenye kuba jeupe na minara minne. Kuba lilitusumbua wiki mbili. Lilikatwa vipande kumi na viwili, vilivyochongoka kama maganda ya chungwa, na kila kimoja kilipaswa kumgusa mwenzake bila kumpanda. Lilipojifunga, Mama Stela aliliinua kwenye kiganja hadi kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani.

"Hamna nguzo," alinong'ona. "Baba Anita, hamna kitu ndani. Linashikiliwa na nini?"

"Linajishikilia lenyewe. Kila kipande kinamwegemea mwenzake."

Nikamweleza kwamba mfalme alilijenga kwa ajili ya mkewe aliyefariki. Akafikiri. "Angemjengea akiwa hai, angekaa ndani." Kisha akauliza jambo ambalo sijalisahau. "Hao mafundi waliopanda kule juu, walishuka salama?"

"Sijui, mama. Nadhani si wote."

Aliliweka kuba chini taratibu, akaliacha hadi kesho yake bila kulibandika.

Miezi miwili ya vidonge vingi ilikwisha, nikabadilishiwa vichache. Miguu ilikuwa kimya vile vile. Huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko yote, na si kwa sababu ya maumivu. Stela alifika Jumamosi moja ameloa mvua, akatukuta mimi na mama yake tunacheka juu ya kipande kilichobandikwa kichwa chini.

"Mimi nakimbia kutwa na mtoto na kazi," alisema mlangoni, "ninyi mnacheza karatasi."

Alitoka, nikasikia akilia nyuma ya nyumba. Mama yake alitaka kumfuata, kisha akarudi kukaa. Nilimwita mwenyewe. Alipokuja nikamshika mkono. Akasema, "Nimechoka kuwa na nguvu." Nikamwambia, "Lala hapa." Akapanda kitandani na nguo zake mbichi, upande wa ukutani, akalala mpaka alasiri. Mgonjwa anaona mwili wake tu. Mwili wa anayemhudumia nao unakwisha.

Wakati huo simu za Mawengi zilikuwa zimeongezeka. Ukoo ulisema mtoto wao ameozea ukweni, kwamba kuna mzee kule anatibu migongo, kwamba ugonjwa usiopona kwa vidonge vya miezi miwili si wa hospitali. Yustin akaja na gari la kukodi, godoro likiwa limetandikwa nyuma. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akitazama majengo mezani.

"Mama," alimwambia mkwe wangu kwa adabu zote, "tumekuja kumchukua mgonjwa wetu."

"Ni wenu," alijibu. "Siwezi kumzuia. Ila Jumanne ana kliniki. Mngoje Jumanne, baba."

Nilijua nikifika Mawengi vidonge vitakatika. Yustin alijua vilevile, lakini alikuwa ametumwa na wakubwa zake. Akakubali kungoja. Dereva akaenda kulala mjini.

Siku hizo tulikuwa tunamalizia kanisa kuu la Kolon, Ujerumani, lenye minara miwili mirefu iliyochongoka. Lilikuwa na vipande zaidi ya mia. Yustin hakuweza kukaa bure, akaomba apewe kazi. Mama Stela alimpa sufuria ndogo ya uji wa ngano, ukiwa bado unatoa moshi, awe anamsogezea. Alikaa upande wa miguu yangu.

"Hili walilijenga miaka mingapi?" aliuliza.

Nikasoma maelezo pembeni ya ukurasa. "Zaidi ya mia sita, tangu lianze hadi likamilike."

Kisu cha Mama Stela kilisimama. "Mia sita?"

"Ndivyo wameandika. Kuna wakati kazi ilisimama."

"Kwa hiyo aliyeweka jiwe la kwanza hakuona paa."

"Wala mjukuu wake. Wala kitukuu."

"Na aliliweka sawasawa tu," alisema taratibu. "Alijua hataliona, na aliliweka sawasawa." Alitazama minara ile ya manila, macho yake yakajaa maji. Kisha akanigeukia. "Na sisi tunalia mwaka mmoja!"

Yustin alicheka. Alikuwa na mikono ya jembe, si ya sufuria ndogo, na alipocheka sufuria iliinama, tone la uji wa moto likaangukia juu ya mguu wangu wa kushoto.

"Yooo!" nilipiga kelele.

Yustin alianza kuomba samahani, halafu midomo yake ikabaki wazi. Mama Stela alipiga magoti, akachovya kijiko kwenye sufuria, akalidondosha tone lingine, karibu na kidole gumba.

"Hapa?"

"Panaungua, mama!"

"Na hapa?"

"Kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hakuna kitu."

"Hapo patakuja," alisema, akaenda mguu wa pili. Alinidondoshea uji miguu yote miwili, akipima, tone kwa tone, nami nikipiga kelele kila mahali palipokuwa hai. Yustin alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda, analia kama mtoto, ananiambia sogeza, jaribu kusogeza. Nikakiambia kidole gumba cha kushoto kisogee. Kikangoja. Kisha kikainama, unene wa karatasi, kikarudi.

Nimeona kuba linalojishikilia. Nimeona minara ya miaka mia sita. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile kidole.

Jumanne kliniki walithibitisha, na Yustin akarudi Mawengi na godoro tupu. Aliwaambia wakubwa zake alichokiona kwa macho yake. Simu za ukoo zikageuka kuwa za salamu.

Usifikiri baada ya hapo mambo yalikimbia. Mapichi yalipoiva nilifungwa mkanda mgumu wa mgongo, nikakalishwa kwa dakika tano, nikazimia. Kesho yake sita. Katikati ya mvua nilisimama nimeshika fremu ya dirisha, Stela nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, na niliona kitalu cha miche kutoka juu, kitu nilichokuwa nakisikia tu. Pasaka nilitembea hadi mlango wa jikoni. Vidonge nilimeza hadi siku ya mwisho, hata siku nilizojiona mzima, hasa siku hizo. Mgongo umepona umepinda. Nimepungua urefu, mashati yananyanyuka nyuma, na mtoto mmoja mtaani aliniita kibyongo mbele ya Anita. Anita alimjibu vibaya. Nilimkaripia, moyoni nikamshukuru. Nimerudi yadi, napima kama zamani, lakini anayeinua ubao ni mwingine.

Baridi iliyofuata Mama Stela alikuja Makambako kututembelea. Tulimuuliza anataka kuona nini. Nilidhani atasema soko. Akasema, "Jengo lenu kubwa ni lipi?"

Nikampeleka stesheni ya reli. Tulienda wawili, mimi na fimbo yangu, yeye na koti lake zito na kilemba. Alisimama mbele ya lile jengo la zege, shingo ameirudisha nyuma, akafuata kona moja moja kwa kidole hewani, midomo ikihesabu.

Mlinzi alitufuata. "Shikamoo, mama. Leo treni haipo."

"Marahaba, mwanangu. Hatukufuata treni. Tunaangalia jengo."

"Jengo?"

"Watu walilijenga," alimweleza, kama anayempa habari njema. Kisha akanigeukia. "Twende nyuma. Ukitazama uso tu hujaliona."

Tukaanza kulizunguka. Lilikuwa refu kuliko nilivyokadiria. Sikuwa nimetembea umbali ule tangu niugue, na kokoto zilinitisha, lakini yeye hakunishika wala hakuniuliza kama nimechoka. Alitembea kwa hatua zangu, akisimama kwenye kila pembe kugusa ukuta kwa kiganja, mahali ukuta mmoja unapokutana na mwenzake. Upande wa reli upepo ulitupiga usoni. Tukapita pembe ya tatu, ya nne, tukatokea tena mbele, mlinzi akiwa bado anatushangaa.

Niliegemea fimbo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemaliza jengo zima.

Mama Stela alipangusa vumbi la ukuta mikononi, akalitazama paa tena.

"Ule upande wa reli sikuuona vizuri," alisema. "Turudie."

Tukarudia.